Walivyomfutia Kibet Mrija Usoni

Jumamosi, jioni. Mvua ya mawe imepiga kuanzia Sotik mpaka huku kwetu, na ukitazama mlima ule wa chai ng'ambo ya mto utadhani kuna mtu amepita akiuchanachana kwa kucha.

Leo nimechukizwa.

Sisemi nimekasirika. Hasira naijua, huja na kwenda, halafu mtu anainuka na kupika chakula cha jioni. Hiki nilicho nacho leo ni kinyaa, kile cha kukaa mdomoni. Nimepiga mswaki tangu nirudi, nikapiga tena, na bado ladha iko pale pale nyuma ya ulimi.

Naandika nikiwa jikoni. Kibet amekaa kwenye mkeka anachora ng'ombe mwenye miguu mingi kupita kiasi, na maziwa yake yanadondoka polepole kutoka kwenye mfuko niliouning'iniza ukutani. Yeye hana habari. Nashukuru hana habari.

Kwa mtu anayefika hapa mara ya kwanza: Kibet ni mwanangu, ana miaka mitano, na tumbo lake halisukumi chakula. Mimi na wewe tukimeza, misuli ya tumbo na ya utumbo hukibana chakula na kukipeleka mbele bila sisi kuamrisha. Ya Kibet inasinzia. Hakuna kitu kilichoziba, njia iko wazi, ila hakuna anayesukuma. Chakula hukaa tumboni, kinachacha, kisha kinarudi kilikotoka.

Ndiyo maana ana mrija. Ni mwembamba kama waya wa chaja. Unaingia puani, unapita tumbo bila kusimama, unafika kwenye utumbo mwembamba, na huko ndiko maziwa maalum hudondoka, kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Nje unashikwa na plasta kwenye shavu lake la kulia. Kwa mdomo anaonja tu: vijiko vichache vya uji uliochujwa, mchuzi bila nyama, ili asisahau kutafuna na kumeza na asijione mgeni mezani. Kitu chenye makapi hapana. Sukuma wiki, maharagwe, githeri, mahindi ya kuchoma anayoyalilia kila msimu, vyote hivyo tumboni mwake hujikusanya vikawa kizibo.

Kwa mrija huo ndio mtoto alipata mashavu. Ilichukua zaidi ya mwaka. Kuna siku aliongezeka kidogo nikaruka pale pale kliniki kama msichana wa darasa la nne.

Matapishi hayanitishi. Nimetapikiwa nikiwa na nguo za kanisani, nimetapikiwa kichwani siku niliyotoka saluni. Nimefua mashuka ambayo mtu mwingine angeyachoma moto. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunitia kinyaa tena.

Nilikosea sana.

Lazima nieleze habari za Chelangat, na nizieleze kwa haki, ingawa leo haki inanigharimu. Chelangat ni dada mdogo wa mume wangu. Mimi ni wa Kisii, nimeolewa huku upande wa Bomet, na Kikipsigis changu bado kinachekesha watu, kwa hiyo na wifi zangu tunaongea Kiswahili. Wengine waliniongelesha kwa adabu tu. Chelangat aliniongelesha kwa sababu alinipenda. Siku Kibet alipowekwa mrija kwa mara ya kwanza, mimi nilitoka nje nikalia kwenye korido, na yeye ndiye aliyebaki ndani akimshika miguu na kumwimbia. Mtoto alipotulia, alinifuata akaniambia, "Ingia sasa, mama yake. Imeisha."

Halafu mashine za kuchuma chai zikaletwa kwenye shamba alikokuwa akifanya kazi, na wachumaji wakaambiwa wakae nyumbani. Chelangat akakaa nyumbani. Nikamwomba awe akinishikia Kibet nikiwa shuleni nafundisha, akakubali, na kwa muda mrefu sikuwa na wasiwasi. Alijua kuosha mrija na kupima maziwa kuliko hata mume wangu.

Kisha ukaja unga wa kijani.

Huuzwa mtu kwa mtu, kwenye makopo yenye picha ya jani na jua. Wanaouuza huitana wanafamilia, na kadiri unavyoleta wengine ndivyo unavyopanda cheo. Unatibu presha, sukari, magoti, ndoa. Chelangat alianza kuvaa fulana ya kijani na kuongea kama mtu anayesoma maneno aliyoandikiwa. Nikamwambia wazi, kwa uso mkavu, kwamba yeye na watu wazima wenzake wanywe wapendavyo, lakini unga huo usimkaribie Kibet, kwa sababu ni makapi matupu na ukiguswa na maji huvimba.

"Siwezi, Mama Kibet," alisema. "Si mimi najua hali yake?"

Alijua. Hapo ndipo kichwa changu kinarudi kila mara.

Shule zilipokaribia kufungwa, Kibet akaanza kutapika kitu chenye harufu ambayo sikuijua. Namjua mtoto huyu kwa harufu. Hii ilikuwa ya nyasi kavu pamoja na utamu fulani wa peremende. Tumbo likavimba likawa gumu, likang'aa. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza amekula nini kigeni, nikajibu hakuna, na nilijibu kwa ukali, kama mtu anayetukanwa. Chelangat alikuwa nyuma yangu ameshika beseni. Hakusema neno.

Walimnyima chakula na maziwa, wakamwekea maji ya mshipa, wakanyonya tumbo kwa mrija mwingine mnene. Tuliogopa atapasuliwa. Hakupasuliwa. Tukarudi nyumbani Alhamisi na mtoto aliyepoteza karibu kila kitu alichokuwa amejaza kwa mwaka mzima, na shingo iliyokuwa imerudi kuwa nyembamba.

Jana asubuhi, Kogo, yaani mama mkwe wangu, alikuwa anampapasa Kibet mgongo akaniuliza bila ubaya wowote:

"Sasa hiyo dawa ya kijani ya Chelangat tuache kwanza? Ama tumpatie kidogo tu?"

Nilikaa chini. Kogo akaona uso wangu, akaweka mkono mdomoni. Alikuwa ameambiwa mimi ndiye niliyeruhusu.

Ningeweza kubeba hilo. Naapa ningeweza. Mtu anaweza kumpenda mtoto mpaka akampa sumu kwa mkono wake akidhani ni baraka. Nilikuwa hata nimeanza kupanga nitakavyomwambia, kwa sauti ya chini, tukiwa wawili.

Lakini jana mchana mwalimu mwenzangu akanitumia ujumbe. "Hongera, mwalimu! Kumbe Kibet alipona na hukutuambia?" Chini yake kulikuwa na picha.

Zilikuwa mbili zilizounganishwa. Ya kushoto ni Kibet akiwa wodini zamani, mbavu nje, macho makubwa. Hiyo niliipiga mimi, nikaituma kwa familia peke yake, kwa ajili ya maombi. Ya kulia ni ya mwaka huu, amevaa sweta nyekundu, amenenepa, anacheka. Juu yake wameandika kwamba mtoto huyu hakuwa na matumaini, madaktari walishindwa, na sasa kwa unga wetu anakula kila kitu.

Na kwenye shavu la kulia hakukuwa na mrija.

Nilidhani ni simu yangu. Nikaikuza picha. Plasta haipo. Mrija haupo puani. Shavu limelainishwa likawa safi kama la mtoto wa tangazo la sabuni. Mtu amekaa mahali, labda anakunywa chai, akapitisha kidole juu ya uso wa mwanangu na kufuta kitu kinachomweka hai, ili aseme kilichomweka hai ni kopo lake.

Na wakati picha hiyo inazunguka, mtoto mwenyewe alikuwa kitandani hospitalini akinyonywa unga huo huo tumboni.

Nilikwenda nyuma ya boma nikatapika. Mimi, wa matapishi.

Mume wangu alisema, "Ni dada yangu. Tumwite hapa nyumbani, tuongee." Ni mtu mpole na hakuwa na makosa kusema hivyo. Lakini chini ya picha kulikuwa na mwaliko: Jumamosi, ukumbi wa hoteli moja Sotik, njoo usikie ushuhuda wa mtoto Kibet kutoka kwa anti yake. Nikamwambia ushuhuda ukitolewa mbele ya watu hauwezi kurudishwa jikoni. Baadaye akauliza kama nitaenda na Kibet ili wamwone.

Hapana. Wameshamtumia vya kutosha. Sikutaka na mimi nimbebe kama bango la matangazo.

Leo nikaenda peke yangu.

Ukumbi uko ghorofani. Mlangoni msichana aliyevaa fulana ya kijani alinipa kikombe kidogo cha karatasi. "Karibu, mami. Onja afya." Nikakileta puani. Nyasi kavu na peremende. Ilikuwa harufu ile ile ya mashuka ya mwanangu, na ukumbi mzima ulikuwa unainywa. Wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, vijana wenye mikoba ya kuazima, wote na povu la kijani juu ya mdomo, wanajilamba, wanacheka. Nikasimama ukutani nikiwa nimebana pua kama mtu aliyeingia choo cha sokoni.

Mwanaume waliyemwita Dokta alikuwa mbele na suti iliyombana. Udaktari wa nini, hakuna aliyeuliza. Nyuma yake, kwenye ukuta mweupe, picha ya mwanangu ilikuwa kubwa kuliko mlango. Na Chelangat alikuwa na maiki.

"Huyu ni mtoto wa ndugu yangu," alikuwa anasema. "Mimi mwenyewe nimemlea kwa mikono yangu."

Kisha akaniona.

Hakumaliza sentensi. Dokta akafuata macho yake, akamnong'oneza, akajibiwa, na uso wake ukachanua. "Wapendwa! Mama ya Kibet mwenyewe yuko hapa! Mpigieni makofi ya nguvu!"

Wakapiga. Wengine wakasimama. Mama mmoja akanikumbatia, na nikahisi povu lake likinipaka shingoni. Nikasukumwa mbele kwa mikono ya watu wema, watu wanaotaka mtoto wa mwenzao awe amepona, na Dokta mwenyewe ndiye aliyeniwekea maiki mkononi.

Sikuwa nimepanga hotuba. Nilimgeukia Chelangat.

"Mrija uko wapi?"

"Mama Kibet, twende tuongee nje."

"Hapo kwenye shavu. Wewe ulimshika miguu siku unawekwa. Uko wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Ilitolewa tu ndiyo picha ikae vizuri," alisema, na maiki ikamsikia.

Nikawaambia kwa maneno machache kwamba mtoto huyu bado analishwa kwa mrija. Kwamba mashavu hayo yaliletwa na mrija huo. Kwamba alipopewa unga tumbo lilivimba na akalazwa, na kwamba ametoka hospitali Alhamisi.

Dokta akachukua maiki taratibu, akitabasamu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

"Wapendwa, msiogope. Mama ana uchungu, tunamwelewa. Lakini nataka mjue kitu. Mtoto akitapika, hiyo ni mwili inajisafisha. Sumu inatoka. Semeni sumu inatoka."

Na wakasema. Si wote, lakini walisema. Sumu inatoka.

Hicho ndicho kilicho mdomoni mwangu mpaka sasa. Lile tabasamu. Mwanangu akilia na beseni mapajani, na mtu amelipatia hilo jina zuri na kuufundisha ukumbi mzima kuliimba.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa karibu na dirisha akasimama. Alikuwa mdogo, pengine hajafika miaka ishirini na mitano, na mtoto wa kike kwenye leso.

"Dokta, huyu wangu anajisafisha tangu Jumatano," alisema. "Amejisafisha mpaka sasa halii tena."

Hakuna aliyecheka wala kuimba. Nikaenda pale. Nikaweka mkono kwenye tumbo la yule mtoto na sikuhitaji kuambiwa zaidi. Gumu, limevutika, linang'aa. Mama yake akaniambia tangu azaliwe choo kwake ni vita, hukaa siku nyingi bila kitu, na kwamba alimpa unga kwa sababu ya picha ya Kibet.

Kwa sababu ya picha ya Kibet.

"Acha unga kabisa, usimpe chochote kwa mdomo, twende hospitali sasa hivi," nilimwambia.

"Baada ya maombi," Dokta alisema kutoka mbele. "Wapendwa, tukae."

Chelangat alikuwa amefika nyuma yangu bila mimi kumsikia. Naye akagusa lile tumbo. Ameligusa la Kibet mara nyingi mno, anajua linavyokuwa. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Hakuna kukaa," alisema, hata hakugeuka kumtazama Dokta. "Huyu mtoto ataenda."

Akashuka ngazi mbio, na tulipofika chini alikuwa barabarani katikati ya mvua ya mawe, ameinua mikono yote miwili mbele ya gari la mtu aliyekuwa amebeba mitungi ya maziwa. Dereva akafoka kisha akaona mtoto, akafungua mlango. Chelangat akatoa kopo kwenye mkoba wake akampa yule mama.

"Mwonyeshe daktari hii. Mwambie Chelangat ndiye alikuuzia. Usiogope kunitaja."

Hakuingia garini. Nilipoangalia nyuma alikuwa bado amesimama pale, fulana imemshika mwilini, mawe yanamdundadunda kichwani wala hajifuniki.

Ningependa kuandika kwamba hapo nilimsamehe. Kweli ni kwamba nilifurahi mawe yalivyokuwa yanampiga.

Hospitalini walimpokea mtoto mara moja. Nilikaa na mama yake mpaka ndugu zake walipofika. Amenipigia jioni hii. Binti yake hajambo kidogo, tumbo limelegea, wameanza kumtoa kile kilichokwama, na daktari amesema wakimaliza hayo wataangalia kwa nini utumbo wake hausukumi tangu azaliwe. Akaniuliza kama ni kweli mtoto anaweza kunenepa kwa kudondoshewa maziwa. Nikamwambia ndiyo, anaweza, ila ni kazi ya polepole na haina makofi. Nikamwambia aje aone.

Mume wangu ameingia sasa hivi na koti limelowa. Ameenda kwa dada yake na kurudi. "Ameifuta ile picha," alisema. "Amelia sana. Anasema wanafamilia wake wa unga wamemtoa kwenye kundi."

"Na waliokwisha kuituma kwingine?"

Akamwinamia Kibet, akamhesabia miguu ya ng'ombe, wakaanza kubishana.

Picha hiyo bado inatembea. Mahali fulani sasa hivi, Litein au Bomet mjini au kwetu Kisii, kuna mama anaikuza kwa vidole viwili na kumtazama wake. Siwezi kumfikia kila mmoja. Ndiyo sababu nimeandika haya na kuyaweka hapa kwa jina la mtoto, ili anayemtafuta Kibet wa unga amkute huyu. Kama mtoto wako hutapika mara kwa mara, au choo chake ni vita, au tumbo linavimba bila sababu, tumbo lake linahitaji mtu wa kulipima. Usilisafishe kwa kopo. Mpeleke hospitali, na uwaambie kila kitu kilichopita mdomoni mwake, hata kile kinachokuaibisha.

Kogo ameuliza nani atamshika Kibet shule zikifunguliwa. Nimesema sijui. Najua tu kwamba sitampa Chelangat mtoto huyu tena nikiwa sipo, na sitajifanya kwamba kinyaa kimeisha kwa sababu alilowa mvua.

Lakini kesho ni Jumapili. Chelangat atakuwa kwenye benchi lake kanisani, na Kibet, ambaye amekuwa akimuulizia tangu Alhamisi, atamkimbilia kabla ya wimbo wa kwanza. Nitakuwa nyuma yake kwa hatua chache.

Nitamwacha aende, au nitamshika mkono?

Mungu wangu, sijui.